Jinsi ya kupima kama kipokezi cha ubongo kweli kinaongoza usingizi wa mnyama

Dawa ikimlaza panya, bado haijathibitisha kwamba kipokezi inachokigusa, yaani protini ya seli inayonasa kemikali fulani, ndicho chenye kazi ya kuleta usingizi. Huenda imempoza mwili, imemlegeza misuli, imemuumiza tumbo akajikunja pembeni, au imevuruga mawimbi ya ubongo huku mnyama mwenyewe yuko macho. Mfano wa zamani ni atropini, dawa inayoziba vipokezi vya asetilikolini vya aina ya muskarini. Mwaka 1952 Abraham Wikler alieleza kwamba mbwa aliyepewa atropini hutoa mawimbi makubwa ya polepole, yale yale ya usingizi, ilhali kwa mwenendo wake yuko macho. Anayesoma mawimbi peke yake angeandika kwamba mbwa amelala.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga jaribio ili makosa ya aina hiyo yaonekane mapema. Mnyama wa mfano ni panya mdogo wa maabara mwenye gramu 25. Nzi wa matunda na samaki wa zebra wametajwa mwishoni. Upasuaji na dozi zote zinahitaji kibali cha kamati ya ustawi wa wanyama kabla ya kumgusa mnyama wa kwanza, na daktari wa mifugo awepo kusimamia anayejifunza.

Jua kipokezi chako kinakaa kwenye neva ipi

Vipokezi havifanyi kazi kwa kasi moja. GABA-A ni mlango wa chembe za klorini: GABA ikinasa, mlango hufunguka ndani ya milisekunde na neva inanyamaza. Vipokezi vya adenosini, histamini, oreksini, noradrenalini na dopamini hupitia protini za G, zinazopeleka ujumbe ndani ya seli, na athari zake huchukua sekunde hadi dakika, wakati mwingine zaidi. Hivi vya pili ndivyo vinavyoamua ubongo ukae macho au ulale kwa muda mrefu, na ndivyo vinavyochanganya watu, kwa sababu kemikali ileile hupata jibu tofauti kulingana na mahali kipokezi kilipo.

Chukua histamini. Neva zake ziko nyuma ya haipothalamasi na zinatawanya nyuzi karibu ubongo mzima. Kipokezi H1 kwenye neva zinazopokea huziamsha, kwa hiyo ukikiziba mnyama anasinzia. Kipokezi H3 kinakaa kwenye neva za histamini zenyewe na ni breki: histamini ikizidi, H3 huzipunguzia kasi. Ukiziba H3, histamini inaongezeka na mnyama anakesha. Dawa iitwayo pitolisanti inafanya kazi kwa njia hiyo. Dawa mbili, zote za "kuziba kipokezi cha histamini", zinatoa matokeo yanayopingana.

Alfa-2 ya noradrenalini ina tabia ya H3. Dawa ya kutuliza iitwayo deksmedetomidini hukiwasha kipokezi hiki kwenye neva za lokasi seruliasi, kiini kidogo cha shina la ubongo kinachotoa noradrenalini; noradrenalini inashuka, na mnyama anaingia hali inayofanana na usingizi wa mawimbi ya polepole. D2 ya dopamini ni mbaya zaidi kwa mjaribu mwenye haraka: apomofini, dawa inayowasha vipokezi vya dopamini, kwa dozi ndogo huongeza usingizi wa panya, kwa dozi kubwa huwakesha. Dozi ndogo hugusa D2 zilizo kwenye neva za dopamini zenyewe, dozi kubwa hugusa zile zilizo kwenye neva zinazoipokea dopamini. Aliyejaribu dozi moja tu anaweza kuandika hitimisho lolote kati ya hayo mawili na akawa na data ya kulitetea.

Adenosini ndiyo iliyothibitishwa vizuri kuliko zote, na jaribio lake tutalitumia kama kielelezo. Hujikusanya ubongoni kadiri mnyama anavyokaa macho. A1 huzipoza neva za kuamsha. A2A, ambayo imejaa sehemu ya chini ya ubongo wa mbele hasa nukliasi akumbensi, huwasha neva zinazovuta kuelekea usingizi. Kafeini inaziba zote mbili. Mwaka 2005 panya wasio na jeni ya A2A walipewa kafeini wakaendelea kulala. Wasio na A1 walikesha kama kawaida. Mwaka 2011 ikaonyeshwa kwamba hata A2A za ganda la nukliasi akumbensi peke yake zikiondolewa, kafeini haimkeshi mnyama. Huo ndio uthibitisho unaotakiwa: dawa ina athari, kipokezi kikiondolewa athari inatoweka, na mahali panajulikana.

Oreksini, kemikali ya haipothalamasi inayomweka mnyama macho, iligunduliwa mwaka 1998 na makundi mawili kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata kipokezi chake cha pili, OX2R, kilikutwa kimeharibika kwa mbwa wa Doberman na Labrador wenye narkolepsi ya kurithi, ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana. Kwa REM, usingizi wa ndoto wenye macho yanayochezacheza, panya wasio na vipokezi vya muskarini M1 na M3 kwa pamoja, walioelezwa mwaka 2018, karibu hawana REM kabisa.

Melatonini tunashauri usianze nayo. Panya ni wa usiku, na kwa wanyama wa usiku pia melatonini hupanda gizani, yaani wakati wao wa kuchakarika. Zaidi ya hayo, ukoo wa C57BL/6, unaotumika katika maabara nyingi, hautengenezi melatonini ya maana kutokana na jeni iliyoharibika, na bado hulala vizuri.

Kuchagua dawa

Kwanza, je, inaingia ubongoni? Dawa za mzio za kizazi cha kwanza, mfano difenihidramini, huvuka kizuizi cha damu na ubongo. Feksofenadini karibu haivuki, kwa sababu pampu za kizuizi huirudisha kwenye damu. Hii ya pili ni kilinganishi kizuri. Inaziba H1 za mwilini na kuacha za ubongoni, kwa hiyo ikiwa nayo inamlaza panya wako, tafuta sababu nyingine. Kwa upande wa A2A, CGS 21680 ni dawa ya kuwasha inayotumika sana lakini hupita kwa shida, na katika majaribio ya usingizi imekuwa ikidondoshwa moja kwa moja chini ya ubongo wa mbele kwa kanula, kimrija chembamba kilichopandikizwa. Ukiichoma tumboni utapata zaidi kushuka kwa shinikizo la damu.

Pili, inagusa nini kingine kwa dozi hiyo? Difenihidramini huziba pia vipokezi vya muskarini, kwa hiyo inabeba tatizo la atropini. Doksepini ya dozi ndogo hugusa zaidi H1, ila ukipandisha dozi usafi huo unapotea. Chagua dawa mbili zenye umbo la kikemia tofauti zinazolenga kipokezi kimoja. Zikikubaliana, una jambo la kuandika.

Tatu, inakaa mwilini muda gani? Mwili wa panya huvunja dawa haraka kuliko wa binadamu. Dawa inayodumu saa 6 kwa mtu inaweza kuwa imekwisha kwa panya ndani ya saa 1 au 2, nawe ukajumlisha saa 12 za kurekodi na kusema "haina athari".

Upasuaji wa elektrodi

Tumia panya wa wiki 10 hadi 14, wa kike na wa kiume, kwenye mwanga wa saa 12 na giza la saa 12, nyuzijoto 22 hadi 24. Katika mwongozo huu saa ya 0 ni taa zinapowaka, saa ya 12 ni zinapozimwa.

Mpe meloksikamu 5 mg/kg chini ya ngozi kabla ya kukata, na urudie kila baada ya saa 24 kwa siku 2. Nusukaputi ni isoflureni 3 hadi 4% ya kumlaza, kisha 1 hadi 2% ya kumshikilia. Mkeka wa joto uwekwe nyuzi 37, macho yapakwe mafuta yasikauke. Hakikisha havuti mguu unapombinya kidole kabla ya kugusa kichwa.

Safisha fuvu hadi bregma na lambda, sehemu za mbele na nyuma ambapo mifupa ya fuvu hukutana, zionekane wazi, kisha toboa matundu matatu kwa skrubu za chuma cha pua zenye upana wa mm 1. La mbele liwe mm 1.5 mbele ya bregma na mm 1.5 kulia. La nyuma mm 3 nyuma ya bregma na mm 2.5 kulia, juu ya hipokampasi, ambako mawimbi ya theta, alama ya REM, husomeka vizuri. Ukiliweka mbele mno REM itakuwa ngumu kutambua. La tatu, la marejeo, mm 2 nyuma ya lambda, kando kidogo ya mstari wa kati. Usitoboe katikati kabisa wala juu ya lambda yenyewe: chini yake kuna mishipa mipana ya vena, na damu ikishaanza kutoka pale akriliki haitashika.

Skrubu iguse utando wa ubongo bila kuukandamiza. Ikizama sana unaumiza gamba la ubongo na kupata vilele vikali vinavyofanana na kifafa; isipofika unapata mawimbi madogo yaliyojaa kelele. Fuvu la panya ni jembamba, chini ya nusu milimita, kwa hiyo zungusha robo kwa robo huku ukihesabu.

Kwa misuli, chukua nyaya mbili za chuma cha pua zilizovuliwa plastiki mm 2 hadi 3 kwenye ncha, uzipitishe kwenye misuli ya shingo, moja kila upande. Funika yote kwa akriliki ya meno na hakikisha hakuna ncha kali inayogusa ngozi. Mzigo mzima kichwani ubaki chini ya gramu 2. Mzito zaidi humfanya panya alale kwa mkao wa ajabu na misuli ya shingo haitulii, ukaishia kumwandika yuko macho usiku kucha.

Mwache apone siku 7 hadi 10, kisha umuunganishe na kebo siku 3 hadi 5 bila kumfanyia lolote. Maabara nyingi hupunguza hatua hii ili kuwahi, na hapo ndipo usingizi wa siku ya kwanza ya kurekodi unapokuwa si wa kawaida. Kama ulitumia buprenofini badala ya meloksikamu, kumbuka opioidi huvuruga usingizi; siku zile usizihesabu.

Kurekodi na kutia alama

Sampuli 500 kwa sekunde zinatosha. EEG, umeme wa ubongo, ichujwe 0.5 hadi 64 Hz. EMG, umeme wa misuli, 20 hadi 200 Hz. Video iwepo muda wote, hata ya kamera rahisi yenye mwanga wa infraredi, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama "usingizi" ule una mkao wa usingizi.

Gawa rekodi katika vipande vya sekunde 4 (wengine hutumia 10) na utie alama hivi:

- Macho: EMG ya juu au inayorukaruka, EEG ndogo na ya haraka.
- NREM, usingizi wa mawimbi ya polepole: EEG kubwa yenye delta ya 0.5 hadi 4 Hz, EMG ya chini.
- REM: theta safi ya 6 hadi 9 Hz, EMG karibu bapa isipokuwa mitikisiko midogo.

Kipande kikichanganya hali mbili, mpe ile iliyochukua zaidi ya nusu. Programu za kutia alama zinafanya kazi nzuri kwa panya wa kawaida, lakini hazikufundishwa kwa panya aliyelewa dawa. Kila rekodi ya dawa ipitiwe na mtu ambaye hajui panya alipewa nini, na rekodi kadhaa zipitiwe na watu wawili. Wakikubaliana chini ya 90% ya vipande, keti nao mkubaliane kanuni kabla ya kuendelea.

Panya mzima mwenye afya hulala jumla ya saa 11 hadi 13 kwa siku, sehemu kubwa ikiwa wakati wa mwanga, na REM ni kama saa 1 hadi 1.5. Rekodi siku 2 za msingi. Asiyefikia viwango hivyo hana haja ya kupewa dawa, tatizo liko kwenye elektrodi, kebo au chumba. Pia, panya mwenye afya hatoki macho kwenda REM moja kwa moja. Ukiona mpito huo kwenye alama zako, rudi ukaangalie video.

Siku ya dozi

Saa ya kudunga huamua kama athari itaonekana. Dawa unayodhani inakesha idunge saa ya 2 hadi 4, wakati panya analala sana na kuna usingizi wa kupunguza. Unayodhani inalaza idunge saa ya 12, taa zinapozimwa na yeye anaanza kuamka. Vizibo vya oreksini ndivyo vinavyoonyesha hili waziwazi: neva za oreksini huchemka mnyama akiwa macho, kwa hiyo ukimpa wakati wa mwanga, panya akiwa amelala, hakuna cha kuziba, na athari inakuwa ndogo.

Hesabu kwa kafeini 15 mg/kg: panya wa gramu 25 anahitaji mg 0.375. Ujazo wa kawaida wa sindano ya tumboni ni mL 10 kwa kilo, yaani mL 0.25 kwake. Kwa hiyo mchanganyiko uwe mg 1.5 kwa kila mL. Panya 10 watahitaji mL 2.5, tengeneza mL 4 kwa kuyeyusha mg 6 za kafeini kwenye maji ya chumvi ya 0.9%, ili upate ziada ya kubaki kwenye sindano. Soma lebo ya chupa: kafeini sitreti ni takribani nusu tu kafeini, na asiyelipa uangalifu hili hutoa nusu dozi bila kujua. Kosa hili lipo kwa kila dawa inayouzwa kama chumvi.

Dawa zisizoyeyuka majini hupewa kwa DMSO (kiyeyusho cha kikemia) isiyozidi 10% ya mchanganyiko, au kwa mdomo ndani ya methiliselulosi 0.5%. Chochote utakachotumia, kundi la kulinganisha lipate kiyeyusho hicho hicho bila dawa. DMSO nyingi ina athari zake kwenye usingizi. Pasha mchanganyiko hadi joto la mwili kabla ya kudunga.

Panga kwa kupishana: kila panya apate kiyeyusho na dozi zote, nusu wakianza na kiyeyusho, kwa mapumziko ya siku 3 hadi 7 katikati. Dozi tatu ndiyo idadi ya chini tunayoiamini, zikiachana mara 2 hadi 3. Panya 8 hadi 10 hutosha kwa athari ya ukubwa wa kafeini. Athari ndogo zinahitaji zaidi, na hesabu hiyo ifanywe kabla.

Sindano yenyewe humwamsha panya kwa dakika 20 hadi 40, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana kiyeyusho hakikwepeki, na ndiyo maana siku 3 kabla ya jaribio unapaswa kumshika na kumdunga maji ya chumvi saa ileile kila siku. Usikate tu dakika 30 za mwanzo kwenye uchambuzi. Kwa dawa fupi unaweza kuwa umetupa athari yote.

Matokeo yanayodanganya

*Joto la mwili.* Dawa zinazowasha A1, kama saiklopentiladenosini, hupunguza mapigo ya moyo na kushusha joto la panya, hata nyuzi kadhaa. Panya aliyepoa hukaa kimya na EEG yake inabadilika, lakini si usingizi. Tumia kipima joto cha kupandikizwa tumboni, au angalau pima kwa kamera ya joto. Joto likishuka chini ya kiwango chake cha kawaida cha kulala, rekodi hiyo iweke kando, kisha jaribu dozi ya chini au dondosha dawa ubongoni.

*Mawimbi bila tabia, na tabia bila mawimbi.* Atropini tumeshaitaja. Kinyume chake ni dawa za benzodiazepini zinazosaidia GABA-A: huongeza muda wa kulala lakini hupunguza nguvu ya delta na kubadilisha sura ya EEG. Programu inayotegemea delta itasema panya amelala kidogo. Kwa hiyo toa ripoti mbili tofauti, muda wa kila hali na wigo wa nguvu ndani ya kila hali, wala usitumie delta kama kipimo cha "ubora" pale dawa inapogusa GABA-A moja kwa moja.

*Je, anaamshika?* Usingizi wa kweli hukatika mnyama akisumbuliwa vya kutosha. Weka spika juu ya kizimba, panya akiwa NREM kwa sekunde 30 mfululizo anza na sauti ndogo, ipande kwa desibeli 5 kila hatua hadi EMG iruke. Panya aliyelala kwa kizibo cha oreksini huamka. Aliyezimwa na dozi kubwa ya dawa ya kutuliza haamki, au huamka akiyumba. Jaribio hili linachukua siku moja na linaokoa aibu nyingi.

*Katapleksi.* Kila unapogusa oreksini, hasa OX2R, chunga vipindi ambavyo panya aliyekuwa anatembea anaanguka ghafla misuli ikiwa bapa. Kigezo kinachotumika kwa panya ni: misuli ya shingo kulegea kabisa kwa angalau sekunde 10, mnyama hatikisiki, theta ndiyo inayotawala EEG, na kabla yake alikuwa macho angalau sekunde 40. Bila kigezo hicho vipindi hivi huingizwa kwenye hesabu ya REM, na mwandishi anaripoti kwamba dawa "imeongeza REM".

*Kukesha kwa hofu.* Dawa ya kuamsha inayomfanya panya azungukezunguke au ajilambe bila kukoma haijaonyesha kwamba kipokezi kinaongoza usingizi. Angalia pia deni la usingizi: panya aliyekeshwa kwa kawaida hulala zaidi na kwa delta kubwa baadaye, huku dawa zinazoziba njia ya adenosini zinaweza kupunguza hisia ya deni lenyewe.

Deni hilo lipime waziwazi. Mkeshe panya kuanzia saa ya 0 hadi ya 6 kwa usumbufu wa upole: kugonga kizimba, kubadilisha matandiko, kuweka kitu kipya. Usimguse mwili ila ikishindikana. Kisha mwache alale, na ulinganishe delta ya NREM ya saa 2 za kwanza na wastani wa delta yake mwenyewe ya saa ya 8 hadi 12 ya siku ya msingi, saa ambazo hamu ya kulala iko chini. Kipokezi kinachosimamia deni la usingizi kitabadilisha namba hiyo. Kinachowasha tu swichi ya kuwa macho huenda kisiiguse. Saa mbili za mwisho za kumkesha ndizo ngumu, panya husinzia huku amesimama, kwa hiyo EEG iwe inaonekana mbele yako moja kwa moja.

Kwa takwimu, panya mmoja ni kipimo kimoja. Vipande elfu ishirini vya sekunde 4 kutoka kwa panya mmoja havihesabiki kama vipimo elfu ishirini. Tumia modeli mseto yenye panya kama kigezo cha nasibu, na uangalie idadi ya vipindi na urefu wake kando na jumla ya dakika: dawa inaweza kuongeza NREM kwa kurefusha vipindi au kwa kuviongeza idadi, na hizo ni njia mbili tofauti za ubongo.

Kuondoa kipokezi

Rudia jaribio lote kwa panya wasio na jeni ya kipokezi, ukiwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja wenye jeni kamili. Panya walionunuliwa kwingine si kilinganishi, kwani koo hutofautiana sana katika REM na hata katika jumla ya usingizi. Usishangae kama panya asiye na kipokezi analala kawaida siku ya msingi. Ubongo uliokua bila kitu hujifunza kukifidia. Swali ni kama dawa bado inamgusa. Ikiwa inamgusa sawasawa na ndugu yake, dawa yako inafanya kazi kupitia kipokezi kingine, hata kama lebo inasema vinginevyo.

Kwa mahali mahususi, tumia panya ambao jeni yao imezungushiwa alama za DNA ziitwazo loxP na uwadunge ubongoni virusi vya kubeba jeni (AAV) vyenye Cre, kimeng'enya kinachokata jeni iliyo kati ya alama hizo: nL 100 hadi 300 kila upande, kwa kasi ya nL 50 kwa dakika, ukiacha pipeti dakika 10 kabla ya kuitoa polepole, la sivyo virusi hupanda juu kwenye njia ya sindano. Subiri wiki 3 hadi 4. Mwishoni kata ubongo na uchore eneo lililoguswa kwa kila panya. Anayekosa eneo asitupwe. Ni kilinganishi cha bure.

Nzi na samaki

Kwa kupekua dawa nyingi kwa gharama ndogo, nzi wa matunda huwekwa mmoja mmoja kwenye mirija ya kioo ya mm 65 kwa 5, chakula chenye sukari na agari upande mmoja, nyuzijoto 25, na mwale wa infraredi katikati. Kutovuka mwale kwa dakika 5 kunahesabiwa kuwa usingizi. Angalia mwendo wake kwa kila dakika aliyo macho: dawa inayolaza kweli haipunguzi kasi hiyo, inayomdhuru nzi huipunguza. Mwisho wa jaribio tikisa mirija. Asiyejibu amekufa, na data yake ifutwe tangu aliposimama.

Mabuu ya samaki wa zebra ya siku 4 hadi 6 huwekwa kwenye sahani ya visima 96, dawa ndani ya maji, na dakika 1 bila mwendo ni usingizi.

Wanyama hawa wawili hawana vipokezi sawa na vya panya. Samaki wana oreksini, nzi hawana. Nzi wana kipokezi kimoja tu cha adenosini, na walipoondolewa kipokezi hicho kafeini iliendelea kuwakesha. Kwa hiyo nzi aliyekesha kwa kafeini hasemi lolote kuhusu A2A ya panya.